Mtoto Mgeni Apate Pa Kukaa

(Mazungumzo ya mwanachama wetu anayeishi Lushoto, aliyoyatoa kwenye mkutano mkuu wa mwaka kabla ya kuanza harambee ya madawati.)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, kina mama na kina baba, vijana, wana-Mkuyuni wenzangu: mwangaluka!

Asanteni. Huko ninakoishi siku hizi nikisema hivyo hakuna anayeitikia, kwa hiyo leo nimefurahi.

Katibu alinipigia simu akaniomba nieleze habari ya kuhama na watoto, maana wengi humu ni watumishi na barua ya uhamisho haibishi hodi. Mimi si mtaalamu, ni fundi cherehani. Nitasema yaliyotukuta.

Mume wangu alipata uhamisho wa kikazi kwenda Lushoto, mkoani Tanga, na tukahama Januari 2021. Tulikuwa na binti anayeingia darasa la sita, kijana wa darasa la pili, na mdogo aliyekuwa ndiyo kwanza ameacha kunyonya. Wapo ndugu waliosema baba atangulie, sisi tubaki mpaka mambo yatulie. Tukaona mambo hayatulii yenyewe, twende wote. Moyoni nilikuwa nasema nawatoa watoto kwenye kelele za Barabara ya Kenyatta na maji ya mvua yanayoingia majumbani, nawapeleka kwenye mji mdogo, safi, wenye hewa ya mlimani. Hewa niliikuta. Mengine sikuwa nimeyafikiria.

Tulipanda basi stendi ya Nyegezi, tukapita Shinyanga, Singida, Arusha, Moshi na Same, tukashuka Mombo tumechoka hoi. Mombo kuna joto. Kutoka hapo ni kama kilometa 33 za kupanda mlima kwa kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa mawe, upande wa pili bonde. Kijana wangu alitapika mara mbili kabla hatujafika Soni.

Sisi wa hapa tunadhani tunaishi chini. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Lushoto uko kwenye mita 1,400 hivi. Kwa namba tofauti ni ndogo. Nilifika Januari jua likiwaka, nikasema, baridi gani hiyo wanayotutishia? Ikaja Juni. Ukungu unaingia mpaka jikoni, nguo hazikauki siku tatu, watoto wanakohoa. Wajerumani waliupenda mji ule kwa ubaridi wake, wakauita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao. Mimi mwaka wa kwanza niliuchukia kwa ubaridi huo huo. Lakini ndio ulionipa kazi. Magauni mepesi niliyozoea kushona hapa sokoni Mkuyuni kule hayakupata mteja, nikajifunza mashine ya kufuma, na sasa nafuma masweta ya shule.

Chakula nacho ni mtihani kwa watoto. Kule kuna kabichi, karoti, viazi mviringo, peasi na plamu, vyote vizuri. Wangu walikuwa wanalilia sato na michembe. Siku moja sokoni kijana akaona fungu la dagaa, akamwuliza muuzaji wametoka wapi. Akaambiwa Mwanza. Akanigeukia: "Mama, kumbe na hawa wamehamishwa?"

Kuhusu shule, nawaambia wenye uhamisho haya mawili. Kwanza, uhamisho wa mtoto uanze kabla hamjafunga mizigo: mwoneni mwalimu mkuu, mpate barua, na mjue namba ya mtoto ya PREM, maana bila hiyo mtazungushwa. Pili, kama mna uwezo wa kuchagua, msihame mtoto akiwa darasa la nne au la saba. Ndiyo maana sisi tuliomba kuondoka binti akiwa hajaingia la saba.

Makaratasi yetu yalikuwa sawa. Kilichoharibika ni kitu kingine.

Shuleni watoto walicheka matamshi ya binti yangu. Wakaacha kumwita jina lake, wakamwita Msukuma. Nanyi mnajua sisi ni Wakerewe! Ukishavuka Singida, kila anayetoka Mwanza ni Msukuma. Sisi wazazi tulicheka. Yeye hakucheka. Alinyamaza. Kila jioni akawa ananiuliza, "Mama, tunarudi lini?" Nami nikamjibu, "Karibuni." Nilijua ni uongo. Nilidhani namtuliza.

Mwezi wa tatu, siku moja, saa kumi na moja jioni ikafika hajarudi. Nikaenda shuleni, nikakuta pamefungwa. Mume wangu akaenda upande wa sokoni, mimi nikagonga nyumba moja baada ya nyingine, sijui hata salamu ya Kisambaa. Aliyetusaidia ni mtoto, msichana waliyekuwa wanakaa naye dawati moja. Akasema, "Aliniambia anakwenda kwao." Tukakimbia stendi. Tulimkuta amekaa juu ya begi la shule, mkononi ana shilingi elfu mbili, anamwuliza kondakta nauli ya Mwanza.

Sikumchapa. Nilikaa naye pale pale, nikamwambia ukweli ambao nilipaswa kumwambia Januari: hatujui tutarudi lini, inawezekana ni miaka. Alilia sana. Lakini tangu siku ile hakuniuliza tena, na alianza kula vizuri. Wazazi wenzangu, mtoto anaweza kubeba ukweli mzito kuliko tunavyodhani. Ahadi ya uongo ndiyo inayompeleka stendi.

Baadaye nilimwuliza, kwa nini ulimwambia yule msichana na si mimi? Akanisimulia siku yake ya kwanza. Mwalimu alimwingiza darasani, watoto wote wakamkodolea macho, naye hajui aende wapi. Msichana yule akasogeza daftari zake, akafuta dawati kwa mkono wa sweta, akamwambia, "Kaa hapa." Basi. Ndiye huyo aliyemfundisha kusema "onga mshi" kwa watu wazima wa mtaani, na leo wote wawili wako sekondari, bado ni marafiki.

Sasa nisikilizeni, maana hili ndilo lililonipandisha basi kuja hapa. Desemba iliyopita tulikuja kusalimia. Tukapita karibu na shule aliyosoma binti yangu, hapa hapa Mkuyuni. Akasimama, akaniambia, "Mama, tulipokuwa darasa la tatu aliletwa msichana kutoka Sengerema. Alikaa chini, karibu na mlango, mpaka tukafunga shule. Mimi sikusogea."

Nikataka kumkaripia. Akasema, "Tulikuwa wanne kwenye dawati la watatu. Ningesogea wapi?"

Sikuwa na jibu. Binti huyo aliingia darasa la kwanza Januari 2016, elimu bila ada ilipoanza. Madarasa yalifurika, na mwaka ule nchi nzima ilichangishana madawati. Tangu hapo watoto hawajaacha kuja. Sisi ndio mji mkubwa wa wenzetu. Mtoto wa Ukerewe, wa Magu, wa Misungwi akihama, anahamia kwetu, na kwake kelele za Mkuyuni zinatisha kama ukungu wa Lushoto ulivyotutisha. Moyo wa kumkaribisha watoto wetu wanao. Nafasi ya kusogea ndiyo hawana, na hiyo hawawezi kuichonga wao.

Ndugu zangu mnaoishi mbali kama mimi, msichangie kwa kuwa Katibu anawasumbua kwenye simu. Kumbukeni yule aliyewasogelea mlipofika ugenini, naamini kila mmoja wenu anaye. Mlipeni hapa.

Mimi na mume wangu tunaanza na madawati mawili. Fedha nimekuja nazo, Mhazini azipokee sasa hivi kabla sijashuka jukwaani. Nani anafuata?