Hisa katika Kampuni ya Nyumba ya Familia

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kiomboi



Waraka mnao mikononi. Familia moja ya wilaya hii, ambayo wengi wetu tunaifahamu na kuiheshimu, inakaribisha chama chetu kinunue hisa katika kampuni yake ya nyumba za kupangisha. Nyumba nyingine ziko hapa Kiomboi, nyingine Singida mjini na Dodoma. Kesho asubuhi tutapiga kura. Kamati imeniomba niseme machache kwa kuwa nimesomea mambo ya fedha na kazi yangu ya kila siku serikalini ni hesabu. Fedha inayozungumzwa ni ya mfuko wa chama, na wengi waliouchangia ni walimu na wauguzi ambao sasa wamestaafu. Kwa hiyo mniwie radhi nikisema kwa kirefu.

Yafaa kwanza tujue kwa nini jambo hili ni geni kwetu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni yo yote, na lilimkataza pia kuwa na nyumba ya kupangisha. Kiongozi hapo hakuwa waziri tu. Mtumishi wa serikali wa cheo cha kati naye alihesabiwa. Ndiyo kusema kwamba hiki kilicho katika waraka, hisa na nyumba ya kupangisha kwa pamoja, kilikuwa mwiko mara mbili. Kisha mwaka 1971 ikaja sheria ya kutwaa majengo, na majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yakachukuliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majengo, mpaka ofisi hiyo ilipounganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Familia zilizokuwa na maghorofa ya kupangisha mijini zilipoteza majengo yao. Masharti yale ya uongozi yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, na leo kiongozi wa umma anatakiwa kutangaza mali yake kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1995. Lakini kizazi kizima kilikwisha pita bila kujifunza habari ya kumiliki sehemu ya nyumba ya mtu mwingine. Tulichojifunza ni kununua tofali, kupandisha ukuta kidogo kidogo na kungoja mabati. Hata katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililofungua biashara mwaka 1998, utakuta bia, sigara, saruji na mabenki. Kampuni ya familia ya nyumba za kupangisha hutaikuta.

Basi inatubidi tutazame mbali kidogo. London iko kampuni iitwayo Mountview Estates, iliyoanzishwa mwaka 1937 na ndugu wawili wa ukoo wa Sinclair. Hisa zake zimo katika soko la London tangu mwaka 1960, na mpaka leo familia ile inashika takriban nusu. Kazi yake ni ya ajabu kidogo. Hununua nyumba zenye wapangaji wa zamani, ambao sheria ya kule inawalinda wasipandishiwe kodi ovyo wala kufukuzwa. Nyumba ya namna hiyo huuzwa kwa bei ya chini kwa sababu mwenye kuinunua hawezi kuingia. Kampuni hungoja, pengine miaka mingi sana, mpaka mpangaji atoke au afariki, ndipo iuze kwa bei kamili. Biashara hiyo haimfai mtu mwenye haraka, na hapo ndipo ninapoisifia familia: mwenye mali ya kurithisha wajukuu ana subira ambayo meneja wa kuajiriwa hana. Wamekuwa wakilipa gawio zuri, maana gawio hilo ni chakula chao pia.

Sasa tazameni upande wa pili. Tangu mwaka 2014 kanuni za kule zinasema kwamba pale ambapo mtu mmoja au kundi moja linashika asilimia 30 au zaidi, wakurugenzi wanaoitwa huru wapigiwe kura mara mbili: kura ya wote, na kura ya wale wengine peke yao. Katika Mountview wale wengine wamewakataa wakurugenzi hao zaidi ya mara moja. Ikafuata nini? Kanuni hiyo hiyo inaruhusu kuitisha mkutano mwingine baada ya miezi michache, ambapo wote hupiga kura pamoja. Familia ikapiga kura yake, na wakurugenzi wakarudi vitini. Hakuna sheria iliyovunjwa. Nawaomba mlipime jambo hilo: hii ni London, penye soko, magazeti ya fedha na wanasheria kila kona. Na mwenye hisa wa kule asiporidhika huziuza. Hizi tunazoelezwa sisi hazina soko.

Turudi kwenye waraka. Ukurasa wa pili unasema familia itabaki na asilimia 76. Wengi watapita hapo bila kusimama. Mimi nilisimama. Kwa nini 76, isiwe 74? Kwa Sheria yetu ya Makampuni ya mwaka 2002, mambo ya kawaida huamuliwa kwa zaidi ya nusu ya kura. Lakini mambo mazito, kama kubadili katiba ya kampuni, hutaka robo tatu. Mwenye 76 anaweza yote mawili peke yake. Sisi na wanunuzi wengine wote tukiungana tutakuwa na 24, na kwa 24 huwezi kuzuia hata neno moja katika katiba hiyo. Tukiwa na 26 tunaweza. Tofauti ya sehemu mbili katika mia ndiyo tofauti ya mtu anayeulizwa na mtu anayearifiwa. Sisemi kwamba familia hii ina nia mbaya. Nasema mwanasheria wao anaijua kazi yake, nasi inatupasa tuijue yetu.

Sasa hesabu. Nitatumia mfano wa kubuni ili nisiseme siri za watu. Kampuni ina nyumba 20, kila moja ina thamani ya shilingi milioni 40, jumla milioni 800. Tunauziwa sehemu ya kumi kwa milioni 80. Bei ya haki, utasema. Kila nyumba inapangishwa kwa shilingi 150,000 kwa mwezi, basi kwa mwaka ni milioni 36. Ondoa matengenezo, miezi isiyo na mpangaji, kodi ya ardhi na mshahara wa meneja, ambaye ni mtoto wa nyumbani: tuseme milioni 12. Yabaki 24. Serikali inachukua asilimia 30 ya faida, yabaki milioni 16.8. Wakigawa yote, fungu letu ni milioni 1.68, nalo linakatwa asilimia 10 ya kodi ya gawio. Tunapokea shilingi 1,512,000. Kwa milioni 80 hiyo haifiki hata shilingi mbili kwa mia. Mwaka 2022 hatifungani ya serikali ya miaka 25 ilipangiwa riba ya asilimia 12.56, yaani zaidi ya milioni 10 kwa mwaka kwa fedha ile ile.

Mtaniambia nyumba hupanda thamani. Kweli, hasa Dodoma tangu serikali ilipoanza kuhamia huko mwaka 2016. Lakini anayekula kupanda huko ni yule awezaye kuuza. Uamuzi wa kuuza nyumba si wetu, na uamuzi wa kuuza hisa zetu nao si wetu kamili, kwa maana kampuni binafsi kwa sheria ni lazima izuie uhamishaji wa hisa. Utamwuzia nani, kama wakurugenzi, ambao ni baba, shangazi na kaka, hawakubali jina la mnunuzi? Kwa sababu hiyo hisa ya mwenye sehemu ndogo haina haki ya kuuzwa kwa bei ya tofali zilizo nyuma yake. Yafaa ipunguzwe sana. Na si kila nyumba hupanda. Wilaya ya Mkalama ilipomegwa kutoka Iramba yetu mwaka 2012, makao yake yakawa Nduguti, na mtumishi hupanga chumba pale ilipo ofisi yake. Mji mdogo unaotegemea watumishi unaweza kupungukiwa wapangaji kwa barua moja tu ya serikali.

Wapo waliouliza kama haingekuwa heri kampuni isiyo ya familia. Kenya walijaribu. Home Afrika, wajenzi wa mtaa wa Migaa huko Kiambu, waliingia soko la Nairobi Julai 2013 kwa shilingi 12 ya Kenya kwa hisa. Miaka iliyofuata hisa hiyo ilishuka hata chini ya shilingi moja. Kwa hiyo familia si ugonjwa, wala kukosa familia si dawa. Lakini aliyekuwa Nairobi aliona bei ikishuka kila siku na angeweza kutoka njiani.

Liko jambo moja linalonisumbua kuliko hesabu, nalo ni hati. Ardhi yote ya nchi hii ni ya umma, na mwenye hati ana haki ya kuitumia kwa miaka iliyoandikwa, kama 33, 66 au 99. Swali ni: hati hizo zina jina la nani? Tunajua desturi zetu. Mzee alinunua kiwanja kwa jina lake, akajenga, baadaye vijana wakasajili kampuni, lakini hati ikabaki sandukuni kwa jina la mzee. Siku mzee akifariki, nyumba ile inaingia katika mirathi, siyo katika mizania ya kampuni. Watakuja watoto wa nyumba ndogo, watakuja wajomba, na chama cha wanafunzi wa zamani kitakaa mkekani pamoja nao kikiwa na karatasi ya hisa. Upekuzi katika ofisi ya ardhi na kwa Msajili wa Makampuni si ghali. Haujafanyika.

Tena, kampuni binafsi haiwezi kuwa na wanachama zaidi ya 50, wala haina ruhusa ya kuwaalika watu wote kununua. Anayetaka kuwaalika wote afanye kampuni ya umma na waraka wake upite Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Kwa hiyo wale mnaotaka kununua kila mtu kwa jina lake, pamoja na chama, ngojeni kwanza.

Mtu mwenye hisa chache hakuachwa uchi kabisa. Akionewa anaweza kwenda Mahakama Kuu. Lakini sioni mstaafu wa Kinampanda akipanda basi mara kumi kufuata kesi dhidi ya jirani yake.

Ninalopendekeza kesho ni kwamba kura ya kununua isipigwe, ila tuipelekee familia barua. Tuombe hesabu za miaka mitatu zilizokaguliwa, na hati zote zionyeshwe kwa jina la kampuni. Sisi wa nje kwa pamoja tupewe si chini ya 26. Iandikwe kwamba angalau nusu ya faida itagawanywa kila mwaka, kwamba ndugu anayekaa katika nyumba ya kampuni atalipa kodi kama mpangaji mwingine, na kwamba baada ya miaka mitano tukitaka kutoka familia itanunua hisa zetu kwa bei ya mthamini aliyesajiliwa. Bei nayo ishuke. Wakikubali haya, mimi mwenyewe nitanyosha mkono. Wasipokubali, mfuko uende kwenye hatifungani, nao wabaki jamaa zetu kama zamani, tusalimiane mnadani na kanisani.

Rasimu ya barua ninayo, nakala ziko kwa Katibu. Sasa niko tayari kwa maswali.