Kabla ya Kukodi Buldoza, Kagua Udongo

Hotuba kwa wakazi wa Olkaria



Mwenye shamba akitaka kuondoa leleshwa na kusawazisha ardhi, kwanza huuliza bei ya mashine kwa saa. Bei ni muhimu, lakini udongo ndio wa kuangaliwa kwanza. Sehemu kubwa ya ardhi ya hapa ni majivu ya volkano na mawe mepesi yenye vitundu. Udongo huu haushikamani vizuri. Ukiachwa wazi kwenye mteremko, mvua kubwa huuchimba korongo upesi.

Buldoza ina nguvu na ni ya haraka. Inafaa kufungua njia au kusukuma mawe. Lakini hukwangua vyote pamoja: kichaka, mizizi na udongo wa juu wenye rutuba. Udongo huo ukirundikwa mpakani na visiki, mkulima hubaki na majivu matupu, na mbolea ya dukani haiwezi kuurudisha kwa msimu mmoja.

Eskaveta hung'oa kisiki kimoja kimoja na kukitikisa, udongo ukabaki shambani. Hilo lina maana, kwa sababu leleshwa iliyokatwa juu tu huchipuka tena. Kwa ekari moja au mbili, trekta lenye ndoo ya kuchimbia nyuma na sepetu mbele linaweza kutosha. Tena hujiendesha lenyewe barabarani, kwa hiyo mwenye shamba halipii lori la kulibeba. Greda ni ya kumalizia barabara, si ya kung'oa vichaka.

Kwenye mteremko, mashine ifanye kazi kwa kukata mteremko, si kushuka nao. Mitaro ya fanya juu ichimbwe kwa kufuata kontua, udongo ukitupwa upande wa juu. Shamba lisafishwe kwa vipande, na mikanda ya vichaka iachwe katikati hadi nyasi au mimea ishike.

Uzito nao ni hatari. Mnamo Machi 2018, barabara ya Maai Mahiu kwenda Narok ilikatika karibu na Suswa baada ya mvua kubwa. Wanajiolojia kadhaa walieleza kwamba maji yalisomba majivu yaliyojaza nyufa za zamani chini ya ardhi. Penye ufa au shimo lililodidimia, mashine ya tani 20 isipitishwe kabla mtaalamu hajapakagua. Vivyo hivyo, mkono wa eskaveta usiinuliwe karibu na nyaya za umeme, wala kuchimba kusianze karibu na mabomba ya mvuke.

Maji nayo hayajui mpaka. Maai Mahiu haijasahau mafuriko ya Aprili 29, 2024. Anayegeuza mkondo wa maji shambani mwake anaweza kuyapeleka nyumbani kwa jirani. Kwa hiyo, kabla ya kazi, mwenye shamba amwone afisa wa kilimo wa wadi, na kama kuna mto au korongo, aulize NEMA na Mamlaka ya Rasilimali za Maji kuhusu kibali.

Mwisho, makubaliano yaandikwe: saa zitahesabiwaje, nani atalipia dizeli na usafiri, na udongo wa juu utawekwa wapi. Dereva akishaondoka, hilo la mwisho halirekebishiki kwa urahisi.