Amri ya Nne: Uchafu Unaoua na Uchafu Unaoaibisha



Katika somo lililopita tulisikia ya kwamba amri ya nne haiwafungi watoto peke yao. Inawafunga wazazi vilevile. Leo nilikusudia kusema juu ya kuwapeleka watoto shule. Lakini Jumapili, Misa ilipokwisha, mama mmoja kijana wa hapa Butembo alinisimamisha mlangoni pa kanisa, mtoto mgongoni, na wengine wawili wameshika kitenge chake. Akaniuliza hivi: “Mwalimu, je, ni dhambi nyumba yangu kuwa chafu? Nafagia alfajiri, na kabla jua halijapanda utadhani mbuzi walilala humo. Mama mkwe ananiita mvivu mbele ya majirani. Wakristo wa shirika walipotaka kuja kusali kwangu, niliwaambia nasafiri. Tangu siku ile sithubutu kupokea komunyo.”

Sikumjibu vema. Nilikuwa na haraka, nikamwambia ajitahidi tu, nikaenda zangu. Njiani neno lile likanichoma. Basi habari ya shule itangoje, nami namjibu leo, yeye na wengine walio kama yeye.

Swali: Je, nyumba kuwa chafu ni dhambi?

Jibu: Vumbi si dhambi, wala umaskini si dhambi. Uvivu, ule ambao Kanisa linauhesabu katika mizizi ya dhambi, ni kuukataa wema tunaoweza kuutenda. Mama aliyeamka mara tatu usiku kunyonyesha, akashuka mtoni na bidoni kabla ya mapambazuko, hajakataa wema wowote. Amechoka, basi. Na barabara zetu hizi za udongo mwekundu, kiangazi vumbi na masika matope, hakuna ufagio utakaozishinda.

Lakini tusiishie hapo, maana uchafu si wa namna moja. Upo uchafu unaoaibisha, na upo uchafu unaoua. Wenye nguvu chache wanapaswa kujua waanze na upi.

Uchafu unaoaibisha ni vikombe vilivyotawanyika, nguo juu ya kiti, maganda ya ndizi uani, alama za vidole ukutani. Mgeni anauona mara moja. Uchafu unaoua, mara nyingi mgeni hauoni kabisa. Umekaa katika vidole vya mtoto aliyetoka chooni, na katika kikombe kinachochovywa ndani ya bidoni ya maji ya kunywa pamoja na mkono ulioshika kikombe. Wengi wetu tulilelewa tukiamini kwamba kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara, kwa kuwa anakula maziwa tu. Sivyo. Chaweza kuleta ugonjwa wa kuhara sawa na cha mtu mzima. Kitupwe chooni, wala kisiachwe nyuma ya nyumba, na aliyemtawaza mtoto anawe kabla hajashika chungu.

Sisi wa Beni na Butembo hatuhitaji kufundishwa jambo hili kwa vitabu.  Tarehe 1 Agosti 2018 ulitangazwa ugonjwa wa Ebola huko Mangina. Ulikaa kwetu mpaka tarehe 25 Juni 2020, ukaua watu zaidi ya 2,200, wakiwemo watoto wengi. Mwaka 2021 ukarudi mara mbili, kwanza upande wa Butembo, kisha Beni. Siku zile kila mlango ulikuwa na ndoo yenye bomba, na hakuna aliyeingia bila kunawa. Leo nikipita katika nyumba za Wakristo naona ndoo zilezile zimejaa maharage. Siwalaumu, ndoo ni mali. Lakini chombo kidogo kilichotobolewa, na kipande cha sabuni, au majivu ya jikoni pale sabuni inapokosekana, hakimshindi mtu.

Tena kuna jambo ambalo mama msafi kuliko wote anaweza kulikosa. Dawa ya javeli tuliyoizoea wakati wa ugonjwa, twainunua kidogo kidogo na kuitia katika chupa ya limonadi, kisha chupa twaiweka chini ya meza. Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma. Anaijua chupa ya limonadi tu. Mafuta ya taa nayo ni hivyo hivyo. Viwekwe juu, mahali asipofika hata akipanda kiti. Na ikitokea amekunywa, msimtapishe; mchukueni upesi kituo cha afya, na chupa mwende nayo.

Kwa hiyo, mama, mikono, maji, choo, moto na chupa vikiwa salama, kazi kubwa ya siku umekwisha kuifanya. Vikombe vinaweza kungoja.

Lakini vitangoja nani? Hapa nina neno na akina baba. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya upande wa Beni yamewakimbiza watu wengi, nasi tumewapokea ndugu majumbani mwetu. Naijua nyumba moja ya vyumba viwili iliyopokea jamaa kutoka upande wa Oicha, wakawa watoto tisa chini ya bati moja. Siku za kwanza hapakuwa na mahali pa kukanyaga, na wake wawili wakaanza kununiana. Baba wa nyumba hakutoa hotuba. Alichukua misumari tisa akaipigilia ukutani, chini, kwa kimo cha watoto, kila mmoja msumari wake. Asubuhi mikeka inakunjwa na wakubwa. Jioni kila nguo inarudi msumarini. Mdogo kabisa, ambaye hajui bado kusema vizuri, hutundika kofia yake kisha hukaa kuitazama. Nyumba ile haipendezi macho, lakini kununiana kulipungua. Misumari tisa bei yake si kubwa.

Nasi tumezoea kuzitazama picha za Familia Takatifu tulizotundika sebuleni: Mtakatifu Yozefu na mbao zake, sakafu inang'aa, hakuna hata randa moja lililoanguka. Mimi nimekaa na maseremala. Aliyezichora picha zile hakukaa nao.

Basi, dhambi iko wapi katika habari hii? Iko pale mama au baba anapomchapa mtoto kwa uji uliomwagika, si kwa kuwa mtoto ametenda baya, bali kwa kuwa wageni wako njiani. Mtoto huyo amepigwa kwa ajili ya macho ya watu. Iko katika ulimi unaomwita mkwe mvivu mbele ya majirani. Mama mkwe, kama wanisikia, chukua mtoto mmoja umpakate saa moja tu, ndipo ufagio utakapofanya kazi. Iko kwa baba akaaye kitini akiita aletewe maji.

Na kwako wewe uliyeniuliza: lile neno la kusafiri lilikuwa uongo. Ndilo la kuungama, vumbi liache. Kaungame Jumamosi hii, kisha upokee komunyo bila hofu. Waambie Wakristo wa shirika waje Alhamisi wakikuta watoto wako walivyo. Viti visipotosha, wakae mkekani. Nami nitakuja, maana nakuwia radhi niliyopaswa kuiomba pale mlangoni pa kanisa.

Juma lijalo, Mungu akitujalia, tutaichukua ile habari ya shule. Tumsifu Yezu Kristu.