Dengu Zinazostahimili Udumavu
(Mazungumzo mbele ya makatibu wa vyama vya msingi)



Kila msimu huja mtu na gunia, akatuambia kwamba dengu zake hazishikwi na ugonjwa. Ukimwuliza amejuaje, hujibu kwamba shamba lake lilikuwa kijani hadi mavuno. Naomba tulipime jibu hilo, kwani gunia hununuliwa kwa fedha za chama.

Nauzungumzia udumavu wa dengu, ugonjwa wa virusi uliochunguzwa sana nchini India. Mmea hubaki mfupi, majani huwa madogo na kugeuka rangi ya chungwa au kahawia. Dengu nyeupe za punje kubwa hugeuka manjano. Mkulima auonapo husema ni mnyauko. Basi ung'oeni mmea, mkaupasue karibu na mzizi: mnyauko fuzari hutia weusi katikati ya shina, bali udumavu hutia ukahawia katika ganda la ndani, mnamopita chakula cha mmea. Kisu cha mfukoni chatosha.

Virusi hivi haviambukizwi kwa mbegu. Huletwa na wadudu wanyonyao majani, hasa vidukari. Shamba lisilofikiwa na wadudu hao litakuwa kijani hata mbegu ikiwa dhaifu kabisa.

Wataalamu wa ICRISAT, taasisi ya utafiti wa mazao ya nchi kame iliyoanzishwa mwaka 1972 karibu na Hyderabad, walilijua jambo hilo. Walipotafuta dengu zenye ukinzani walikwenda Hisar, kaskazini mwa India, ambako ugonjwa huo ni wa kawaida. Huko walifanya yale ambayo bwana shamba angemkanya mkulima: walipanda mapema kuliko desturi na kwa nafasi pana, ili wadudu waje. Tena kati ya mistari ya aina zilizojaribiwa walipanda WR 315, ambayo hushikwa upesi. Na msidhani WR 315 ni takataka. Ni mashuhuri kwa kustahimili mnyauko fuzari! Kama hiyo nayo ingebaki kijani, ukijani wa jirani zake usingekuwa ushahidi wa lolote.

Hata hivyo kazi haikuishia hapo. Katika miaka ya 1990 ilibainika kwamba sehemu ya udumavu huo hutokana na virusi vya jamii nyingine, vinavyoenezwa na kijidudu mrukaji, si kidukari. Kwa hiyo aina iliyovishinda virusi vya kwanza yaweza kuanguka kwa hivi vya pili, na jaribio la mahali pamoja halitoshi.

Basi, ndugu katibu, ukiletewa mbegu inayosifiwa, uliza imejaribiwa wapi, dhidi ya ugonjwa gani, na ni aina gani dhaifu iliyopandwa ubavuni mwake ikaugua. Majibu yakikosekana, nunua kilo chache tu. Mvua ziishapo, zipandwe katika mbuga ya mwanachama mmoja, mstari kwa mstari na mbegu yetu ya zamani, na mimea iliyougua ihesabiwe pande zote mbili kabla halmashauri haijaidhinisha magunia.