Themometa na Daftari: Mazungumzo na Wenye Ndoa wa Thika na Ruiru

Akina mama na akina baba, leo tuongee juu ya joto la mwili.

Yai la mama likishatoka, joto lake hupanda kidogo tu, nyuzi 0.2 hadi 0.5 hivi, na hukaa juu mpaka karibu na hedhi. Kwa hivyo mama hupima kila asubuhi anapoamka, kabla ya kutoka kitandani, kabla hata ya chai, na kuandika.

Lakini hapa tusikizane vizuri: themometa hutuambia yaliyopita, si yanayokuja. Yai huishi siku moja tu, bali mbegu za baba zaweza kungoja hata siku 5. Anayetafuta mtoto akingojea joto lipande, amechelewa. Aangalie ute wa kuvutika unaotangulia. Anayetaka kupanga uzazi angoje siku 3 mfululizo zenye joto kupita zile 6 za nyuma.

Wengi wetu huku ni watu wa shifti ya usiku. Pima baada ya usingizi wako mrefu, hata ikiwa ni mchana, na uandike saa. Shifti ikibadilika kila mara, au malaria ikiingia, usitegemee joto peke yake, muone muuguzi.

Akina baba, daftari si la mama peke yake. Mama apime, baba aandike. Na mwaka ukipita bila mimba, mama asilaumiwe: nendeni kliniki nyote wawili.