SWICHI YA SIRI KATIKA MOTOKAA YA ZAMANI

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Mwanza na pwani ya Ziwa

   Kila mwanafunzi awe na daftari na kalamu mbele yake, maana leo kuna kusikiliza na kuna kuandika.

Somo letu ni juu ya kulinda motokaa ya zamani isiibiwe. Najua mmoja wenu atasema, "Mwalimu, mimi sina motokaa. Somo hili ni la matajiri." Ngoja kidogo, ndugu yangu. Nani anayeendesha pikapu zinazobeba dagaa kutoka soko la Mwaloni, pale Kirumba? Nani utingo wa lori? Nani anayelinda gari la mwenzake usiku? Nani fundi anayelala chini ya Land Rover na spana mkononi? Wote hao ni watu kama ninyi. Gari likipotea, nao wanapotelewa na kazi.

Tuchukue mfano. Mtu ana pikapu iliyozidi umri wa watoto wake. Kila alfajiri anapakia dagaa Mwaloni, anawapeleka Magu. Pato lake ndilo ada ya shule, ndilo unga, ndilo dawa. Gari hilo lina bima, lakini ni bima ya mtu wa tatu, ile inayolazimishwa na sheria. Bima hiyo humlipa mtu mwingine aliyeumizwa na gari lako. Haikulipi wewe gari lako likiibiwa. Basi siku mwenye pikapu atakapoamka na kukuta mahali pa gari ni patupu, hakuna atakayemrudishia kitu. Ndiyo maana nasema jambo hili si mchezo.

Sasa tuulize: kwa nini gari la zamani huibwa kwa urahisi kuliko jipya?

Ufunguo wa gari la kisasa una kifaa kidogo ndani yake. Kifaa hicho huzungumza na gari, na gari likikosa kukitambua, injini haiwaki. Huko Uingereza na nchi nyingine za Ulaya, kinga ya namna hiyo ililazimishwa kwa magari mapya kuanzia mwaka 1998. Lakini Land Rover ya mwaka 1965, au Volkswagen ya kobe, au Peugeot 404, haina kinga hiyo. Ufunguo wake una kazi moja tu: kuunganisha waya na waya. Mwizi asiye na ufunguo huingiza mkono chini ya dashibodi, huunganisha waya hizo mwenyewe, na gari huondoka.

Tena fikirini barabara zetu. Zamani gari lililotoka Mwanza kwenda Sengerema na Geita kwa njia ya Busisi lilisubiri kivuko, na watu waliliona. Tangu mwaka 2025 tuna daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi. Daraja hili ni neema kubwa kwa wagonjwa na kwa biashara. Lakini mwizi naye huvuka kwa dakika chache. Basi dawa ni gari lisiondoke pale lilipolala.

Sikilizeni sasa jinsi injini ya petroli inavyopata moto. Umeme hutoka katika betri. Hupita katika swichi ya ufunguo. Hufika katika koili. Koili huupa umeme nguvu kubwa. Kisha distributa huugawa umeme huo kwa kila plagi, na plagi hutoa cheche. Cheche ikiwasha petroli, injini hufanya kazi. Pasipo cheche, injini ni chuma tu.

Msimamizi, tafadhali andika ubaoni maneno haya matano, yafuatane: BETRI, UFUNGUO, KOILI, DISTRIBUTA, PLAGI. Wanafunzi, yasomeni kwa sauti, kisha yaandikeni.

Njia hiyo ya umeme ni kama bomba la maji lenye koki. Ufunguo ni koki ya kwanza, na kila mtu anajua ilipo. Swichi ya siri ni koki ya pili, mahali anapopajua mwenye gari peke yake. Mwizi atafungua koki ya kwanza, atangoja maji, nayo hayaji. Mwizi hapendi kungoja.

Je, tuifunge swichi hiyo wapi? Kuna mahali pengi. Nitaeleza pane, na kila pamoja na udhaifu wake.

Mahali pa kwanza ni katika waya utokao kwenye ufunguo kwenda kwenye koili. Tunaukata waya, tunatia swichi katikati. Hii ni kazi nyepesi na fundi yeyote anaiweza. Udhaifu wake ni huu: mwizi anayejua umeme wa magari anaweza kufungua boneti na kuvuta waya mwingine kutoka betri hadi koili. Lakini kazi hiyo inahitaji muda, mwanga na waya.

Mahali pa pili ni upande wa koili unaokwenda kwenye distributa. Hapo tunaunga waya mwembamba, tunaupeleka kwenye swichi, na kutoka kwenye swichi hadi bodi ya gari. Ukiwasha swichi hiyo, cheche inakufa, hata kama mwizi amevuta waya wake kutoka betri. Njia hii ina nguvu zaidi. Udhaifu wake ni kwamba mtu akiacha ufunguo umewashwa, koili hupata moto na yaweza kuungua. Pia waya ule ukichubuka na kugusa bodi safarini, injini itazimika ghafula.

Mahali pa tatu ni waya mwembamba unaoamuru stata. Wengi huchagua hapo. Lakini sisi tunaishi Mwanza, mji wa miamba na milima. Gari lililoegeshwa kwenye mteremko halihitaji stata. Mwizi hulisukuma, hutia gia, nalo huwaka. Kwa hiyo kwetu sisi kukata stata peke yake hakutoshi.

Mahali pa nne ni koki katika bomba la mafuta. Hapa nawaambia hasa wenye magari ya dizeli. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Ile ya zamani ikishawaka haihitaji umeme ili iendelee. Kwa hiyo swichi ya koili si yake. Koki ya mafuta ikifungwa, gari laweza kwenda hatua chache kwa mafuta yaliyobaki, kisha linazimika. Udhaifu wake ni kwamba hewa yaweza kuingia katika mabomba, na itabidi fundi aitoe kabla injini haijawaka tena. Na koki ikivuja ni hatari ya moto. Kazi hiyo apewe fundi mzoefu.

Mimi nashauri hivi. Mwenye gari la petroli aanze na mahali pa kwanza, maana ni rahisi na si pa hatari. Kisha usiku aongeze kinga nyingine isiyo na gharama yoyote: aitoe rota.

Rota ni kipande kidogo ndani ya kifuniko cha distributa. Kinaenea katika kiganja cha mkono. Ndicho kinachozunguka na kugawa umeme kwa plagi. Ukikitoa na kulala nacho nyumbani, hakuna waya wowote utakaoliwasha gari hilo. Jambo hili si geni. Mwaka 1940, wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza iliogopa kuvamiwa na Wajerumani. Ikaamuru kwamba mtu akiacha gari lake, alifanye lisiweze kuendeshwa na adui. Madereva wengi walitoa rota wakaenda nayo mfukoni. Ikiwa kinga hiyo ilitegemewa dhidi ya jeshi, basi kwa mwizi wa Mabatini au wa Igoma itasaidia pia.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Andikeni hatua hizi.

Hatua ya 1. Toa waya wa betri ulioshikwa kwenye bodi ya gari, kabla ya kugusa kitu kingine. Angalia vizuri. Magari mengi ya Kiingereza yaliyotengenezwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yameshikisha upande wa chanya kwenye bodi, si upande wa hasi. Usifanye kwa mazoea. Tazama kwa macho.

Hatua ya 2. Nunua swichi imara. Koili ya kawaida ya volti 12 hutumia ampea 4 hivi. Chagua swichi ya ampea 10 au zaidi. Swichi dhaifu itaungua, na itakuacha njiani.

Hatua ya 3. Tumia waya wa magari, usiopungua unene wa ule uliokatwa. Usitumie waya wa spika. Kila kiungo kibanwe au kichomewe kwa risasi, kisha kifunikwe vizuri. Waya unapopita katika tundu la bati, tia mpira, ili bati lisiukate.

Hatua ya 4. Usiikate kamwe ile kebo nene ya stata ili kutia swichi ndogo. Kebo hiyo hupitisha umeme mwingi mno, na swichi ndogo itashika moto.

Hatua ya 5. Chagua maficho. Chini ya dashibodi ndipo mwizi anapopapasa kwanza, basi usiweke hapo. Usiweke sakafuni, hasa kama unabeba samaki, maana maji ya samaki na chumvi huozesha viungo vya waya. Usiweke mahali ambapo goti au mzigo utaigusa safarini. Ifae mkono wako kuifikia gizani bila kutafuta. Waya zake zifanane na waya nyingine za gari kwa rangi na kwa uchakavu. Waya mpya mwekundu unaong'aa katika gari kuukuu ni kama mtu anayepiga kelele, "Nitazame!"

Ndugu wanafunzi, swichi ikishafungwa, bado kuna mambo matatu ya kuangalia.

La kwanza ni usalama. Usiiguse swichi hiyo gari linapokwenda. Injini ikizimika katikati ya barabara ya Musoma, na lori likiwa nyuma yako, utakuwa umejilinda na mwizi ukajitia katika ajali. Kila mwezi ijaribu, ukaze viungo vyake.

La pili ni siri yenyewe. Siri ya watu kumi si siri tena. Fundi aliyeifunga anaijua, kwa hiyo chagua fundi mwaminifu. Lakini usiifiche hata kwa mkeo au mumeo. Fikiri mtoto ameugua usiku, na mwenye gari yuko safarini Ukerewe. Jirani anayejua kuendesha amekuja kumpeleka mgonjwa Bugando. Ufunguo upo, petroli ipo, injini haiwaki. Siri ya namna hiyo yaweza kuua. Basi mtu mmoja wa nyumbani aijue, naye afundishwe kwa vitendo.

La tatu ni kwamba swichi haizuii kila kitu. Gari laweza kuvutwa kwa kamba na gari jingine. Kwa hiyo tia pia mnyororo na kufuli katika usukani, na ulaze gari penye taa au penye mlinzi. Na ukikutana na majambazi wenye silaha, toa ufunguo, ushuke, uende zako. Chuma hununuliwa. Roho hainunuliwi.

Sasa kalamu mkononi. Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kila gari lina namba ya chesisi na namba ya injini, zaidi ya namba ile ya kibao. Kibao mwizi hukibadili kwa dakika 2. Namba ya chesisi imegongwa katika chuma. Mwenye gari, dereva au utingo, nenda kaisome kwa macho yako. Iandike herufi kwa herufi, tarakimu kwa tarakimu. Ilinganishe na kadi ya gari. Andika pia alama za gari: mlango uliobonyea, kiti kilichoshonwa, kioo chenye ufa. Karatasi hiyo iwekwe nyumbani, isiwekwe ndani ya gari. Gari likiibiwa, piga simu polisi namba 112, kisha nenda kituoni na karatasi yako upewe namba ya taarifa. Mtu anayesema, "Gari langu ni la buluu," ni vigumu kumsaidia. Mtu mwenye namba iliyoandikwa sawasawa amewapa polisi mahali pa kuanzia. Hapo mtaona kwamba kujua kusoma na kuandika nako ni kufuli.

Maswali ya kujadiliana darasani ni haya:

1. Kwa nini bima ya mtu wa tatu haimsaidii mtu aliyeibiwa gari lake?
2. Kwa nini kukata stata peke yake hakutoshi katika mji wenye miteremko?
3. Swichi ya koili haifai kwa gari la dizeli. Eleza sababu yake.
4. Ni nani katika nyumba yako angestahili kuijua siri hiyo? Kwa nini?
5. Andika namba ya gari moja unalolijua, pamoja na alama zake tatu.

Msimamizi, waache wanafunzi wajibizane, na anayejua ufundi awaeleze wenzake. Kama kuna gari karibu na darasa, ombeni ruhusa kwa mwenyewe, mfungue boneti, mwoneshane koili na distributa kwa vidole. Jambo lililoonwa halisahauliki upesi.

Kwa leo tuishie hapo. Nawatakia kazi njema, na usiku wa salama kwenu na kwa mali zenu. Kwaherini.