Ngiri Iliyojificha

Hotuba kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka



Ngiri ya kinena na ya kitovu twazijua sote, kwa kuwa uvimbe wake huonekana. Lakini iko nyingine, adimu, ipatayo moja au mbili tu katika kila ngiri 100 za ukuta wa tumbo. Huitwa ngiri ya Spigelius, kwa jina la Adriaan van den Spiegel, mtaalamu wa mwili wa binadamu huko Padua, Italia, aliyefariki mwaka 1625.

Ngiri hii hutokea ubavuni mwa tumbo, mara nyingi chini ya kitovu. Utumbo hupenya katika tundu jembamba, lakini tabaka la nje halitoboki. Basi uvimbe hulala ndani, usionekane. Tundu likiubana utumbo, chakula hakipiti. Likizidi kubana, damu nayo haipiti. Mgonjwa hupata msokoto wa tumbo, hutapika, tumbo humjaa, asipate choo wala upepo. Maumivu yasipokatika hata kidogo, huenda utumbo unakufa. Hilo ni jambo la saa, si la siku.

Hapo ndipo wengi hupotea. Mgonjwa hunyweshwa haluli, hukandwa tumbo, tena huulizwa ni nani aliyemroga. Haluli huusukuma utumbo uliofungwa, na kukanda kwaweza kuupasua. Mgonjwa huyo asile, asinywe. Apelekwe hospitali mara moja.

Huko daktari huweza kuiona ngiri kwa picha ya ndani ya mwili. Mgonjwa hulazwa kwa nusukaputi, akapasuliwa. Utumbo ulio hai hurudishwa mahali pake. Uliokufa hukatwa, na ncha mbili zilizo nzima zikaungwa. Kisha tundu hushonwa, na mara nyingi huimarishwa kwa wavu mwembamba, isipokuwa pakiwa pamechafuka.

Wazee wetu, chama chetu huchanga upesi mtu anapokufa. Twaomba tuchange upesi vivyo hivyo angali hai. Mweka hazina na apewe ruhusa ya kutoa nauli ya mgonjwa usiku ule ule, bila kungoja kikao. Hesabu itasomwa baadaye mbele ya wanachama.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu umo tumboni mwa mtu, na ukuta wake haujengwi mara mbili kwa aliyekwisha kuzikwa.